Darubini ya bei ya kati au ya daraja la juu? Mwongozo wa mwindaji kabla hajatoa fedha

Jua limeshazama. Mbingu ina wekundu kidogo bado, lakini chini, ukingoni mwa kichaka, rangi zote zimeshageuka kijivu. Kitu kimetikisika pale. Ni sikio? Ni jani? Unainua darubini, unazungusha gurudumu la fokasi kidogo mbele, kidogo nyuma, na hapo ndipo unapojua ulinunua nini. Ama utaona shingo, bega na vipembe vifupi vya dume mchanga ambaye hutakiwi kumpiga, ama utaona bonge la weusi tu, ushushe mikono na kurudi zako.

Mchana kweupe, darubini nzuri ya bei ya kati na ile ya daraja la juu, ambayo huuzwa mara kadhaa ya bei hiyo, zinakaribiana sana. Ukizifunika nembo, wawindaji wengi watasita kusema ipi ni ipi. Tofauti ipo na ni ya kweli, ila imejificha mahali pachache: kwenye utusitusi, karibu na jua lililo chini, pembezoni mwa picha, na kwenye uchovu wa macho baada ya saa nyingi. Kwa hiyo usianze kwa kuuliza ipi ni bora. Uliza kama uwindaji wako unafika huko zinakoachana.

Ninaposema bei ya kati simaanishi zile za bei ya chini kabisa. Namaanisha darubini kama Zeiss Conquest, Nikon Monarch M7, Vortex Viper au Meopta MeoStar. Daraja la juu ni kama Swarovski NL Pure, Zeiss Victory SF na Leica Noctivid.

Hatua ya 1: Hesabu dakika zako nyuma ya lenzi

Chukua karatasi, ukumbuke safari zako tatu au nne za mwisho za kuwinda. Kwa kila safari andika mambo matatu: darubini ilikaa machoni kwa muda gani kwa jumla, mnyama wa mbali kabisa uliyehitaji kumtambua alikuwa umbali gani, na mwanga ulikuwaje ulipofanya uamuzi. Andika ulivyowinda kweli, si unavyotamani kuwinda.

Anayenyatia vichakani, ambako haoni zaidi ya mita 100, huinua darubini kwa sekunde tano, akaishusha, akapiga hatua tatu, akainua tena. Siku nzima macho yake hayakai nyuma ya lenzi zaidi ya nusu saa. Huyu anahitaji darubini nyepesi, inayoonyesha eneo pana na kupata fokasi upesi. Karibu vyote hivyo vinapatikana kwenye bei ya kati, na namwambia bila kusita aishie hapo.

Anayekaa juu ya kilima akichambua mteremko wa ng'ambo kipande kwa kipande ni mtu mwingine kabisa. Anatazama saa nne, tano, sita kwa siku. Kasoro ndogo ambayo dukani hungeiona kwa dakika mbili, kwake inageuka maumivu ya kichwa ifikapo alasiri. Naye anayevizia juu ya dungu mpaka giza liingie yuko kwenye kundi hilohilo, kwa sababu nyingine: dakika 15 za mwisho ndizo siku yake yote.

Karatasi hiyo usiitupe. Tutairudia.

Hatua ya 2: Namba kwanza, bei baadaye

Kila darubini imeandikwa namba mbili, kwa mfano 8x42 au 10x42. Ya kwanza ni ukuzaji: kwa 8x, mnyama aliye mita 400 unamwona kana kwamba yuko mita 50. Ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Watu wengi huzitazama namba hizi kila moja peke yake, na hapo ndipo wanapokosea, maana siri iko katika kuzigawanya. Gawanya ya pili kwa ya kwanza. 42 kwa 10 ni 4.2. 42 kwa 8 ni 5.25. 56 kwa 8 ni 7.

Jibu hilo ni kipenyo, kwa milimita, cha duara la mwanga linalotoka kwenye darubini kuelekea jichoni. Unaweza kuliona. Nyoosha mkono, elekeza darubini kwenye ukuta mweupe au mbingu, mbali na jua, kisha tazama lenzi za nyuma. Utaona viduara viwili vyeupe vikielea ndani yake.

Sasa linganisha na mboni ya jicho lako. Kwenye mwanga mkali wa mchana mboni hubana hadi milimita 2 au 3. Gizani, mboni ya kijana huweza kufunguka hadi milimita 7, lakini kadiri umri unavyosonga ndivyo inavyokataa kufunguka, na wengi waliovuka utu uzima wa kati hubakia kwenye 5 au chini yake. Ndiyo maana mchana darubini zote zinang'aa sawa: mwanga unaozidi mboni haukuingii. Jioni mambo hugeuka. Mboni inafunguka, na darubini inayotoa duara dogo inakunyima mwanga ambao jicho lako lilikuwa tayari kuupokea.

Fanya hesabu moja zaidi, kwa sababu ndiyo itakayokuokolea fedha nyingi kuliko yote yaliyomo humu. Lenzi ya milimita 50 ina eneo mara 1.4 ya lenzi ya milimita 42. Maana yake 10x50 hukusanya mwanga kwa takriban asilimia 40 zaidi ya 10x42. Kwa upande mwingine, darubini ya daraja la juu hupitisha labda asilimia 92 ya mwanga unaoingia, na nzuri ya bei ya kati asilimia 86 hivi. Tofauti hiyo haifiki hata sehemu moja ya kumi, na jicho huitambua kwa shida. Kwa hiyo, ikiwa unachokitaka ni mwanga wa jioni, na mboni yako bado inafunguka vizuri, 10x50 au 8x56 ya bei ya kati itaipita 10x42 ya daraja la juu kwa mng'ao. Gharama yake ni uzito. Darubini nyingi za 8x42 zina gramu 700 hadi 850, ilhali za 8x56 huvuka kilo moja, na kilo moja inayoning'inia shingoni kuanzia alfajiri si jambo la kupuuza. Kwa anayekaa kwenye dungu haina shida. Kwa anayetembea kutwa ni mateso.

Je, 8x au 10x? Ukuzaji hukuza kila kitu, pamoja na mtetemo wa mikono yako. Mtu anayepanda mlima akihema, halafu akainua 10x, mara nyingi huona kidogo kuliko mwenzake mwenye 8x. Vichakani na msituni chagua 8x. Mahali pa wazi penye umbali mrefu chagua 10x. 12x usiinunue kama huna pa kuiegemeza.

Hatua ya 3: Jua fedha ya ziada inanunua nini

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu maneno ya matangazo yamejaa mahali hapa kuliko popote.

Mwanga unapogonga kioo kitupu, asilimia 4 hivi hurudi nyuma kwenye kila uso wa kioo. Ndani ya kila bomba la darubini kuna nyuso kama 10 au zaidi. Zidisha hasara hiyo mara 10, na theluthi nzima ya mwanga imepotea kabla haijafika jichoni. Mwaka 1935 Alexander Smakula, mwanafizikia wa Zeiss, alisajili hataza ya utando mwembamba unaopunguza hasara hiyo. Leo tando za tabaka nyingi zinaishusha hadi chini ya nusu asilimia kwa kila uso, na kwa nyuso hizohizo 10 unabaki na asilimia 95. Kwenye maelezo ya kiwanda hakikisha imeandikwa kwamba nyuso zote zimepakwa tabaka nyingi, si baadhi. Darubini zote za bei ya kati zinazostahili fedha yako zinazo.

Kisha kuna prizimu, yaani vipande vya kioo vinavyoigeuza picha ikae sawa. Bila prizimu ungemwona mnyama miguu juu. Zipo familia mbili. Ile ya Ignazio Porro, Mwitaliano aliyeisajili mwaka 1854, huipa darubini mabega mapana. Ile ya paa, yenye nyuso mbili zinazokutana kama paa la nyumba, huacha mabomba yakiwa yamenyooka, na ndiyo iliyomo kwenye darubini nyingi za kuwindia siku hizi. Prizimu ya paa iliyo ya kawaida kabisa ina uso mmoja ambao hauwezi kurudisha mwanga wenyewe, lazima upakwe kioo cha kujitazamia. Ukipakwa alumini, karibu sehemu moja ya kumi ya mwanga inapotea hapo. Ukipakwa madini ya fedha, hasara inashuka hadi asilimia chache. Ukipakwa tabaka nyingi za dielektriki, yaani tando nyembamba zisizo za metali, hasara haifiki asilimia moja. Swali la kumwuliza muuzaji ni hili: prizimu imepakwa nini? Asipojua, na kiwanda chenyewe hakisemi, chukulia ni alumini.

Prizimu ya paa ina ila nyingine: huupasua mwanga katika nusu mbili ambazo mawimbi yake hayakutani sawasawa, na picha hupoteza ukali. Zeiss ilileta utando wa kurekebisha ila hiyo mwaka 1988, na kwa miaka mingi ulikuwa alama ya darubini za ghali. Sasa uko hadi kwenye za bei ya kati, pamoja na dielektriki. Darubini ya bei ya kati unayoishika leo ina mambo ambayo zamani yalikuwa ya matajiri peke yao, na hii ndiyo sababu pengo limepungua hivi.

Kinachobaki upande wa daraja la juu ni nini basi?

Kwanza, rangi. Kioo huupinda mwanga wa buluu kuliko mwekundu, na matokeo yake ni uzi wa zambarau au kijani unaozunguka pembe iliyo mbele ya wingu jeupe. Vioo vya ED, yaani kioo maalumu kinachotawanya rangi kidogo, hupunguza jambo hili, na vimo kwenye madaraja yote mawili. Katikati ya picha hutaona tofauti kubwa. Pembeni utaiona.

Pili, upana ulio safi mpaka ukingoni. Swarovski NL Pure ya 10x42 inaonyesha upana wa mita 133 kwa umbali wa mita 1,000, na Zeiss Conquest HD ya 10x42 mita 115. Ukishusha hesabu hadi mita 300 ni kama mita 40 dhidi ya 34 na nusu. Mita tano na ushei za kichaka si haba unapomtafuta mnyama aliyejipenyeza. Lakini upana peke yake si mali ya daraja la juu: Nikon Monarch M7 ya 8x42 inatoa mita 145, zaidi ya Conquest HD ya 8x42 yenye 128. Kazi ngumu, yenye gharama, ni kuufanya upana huo uwe mkali mpaka pembeni. Kwa anayetazama kwa sekunde tano, pembeni hapana maana, maana humweka mnyama katikati. Anayechambua mteremko huiacha darubini imetulia na kuyatembeza macho yenyewe ndani ya picha, na huyo hufika pembeni kila dakika.

Tatu, mwanga potovu, na ukiniuliza mimi, hapa ndipo fedha ya daraja la juu inapojilipa. Mwanga unaoingia kutoka ubavuni hugonga kuta za ndani, pete za lenzi na kingo za prizimu, kisha huenea juu ya picha kama ukungu mwepesi. Jioni, mbingu juu ya kilima inang'aa bado na bonde limeshakuwa jeusi, na ukungu huo unamfunika mnyama aliyesimama kivulini. Darubini mbili zinaweza kupitisha asilimia ileile ya mwanga, moja ikakuonyesha sikio na nyingine isikuonyeshe. Jambo hili halina namba kwenye katalogi yoyote. Utaligundua kwa macho yako tu.

Nne, uunganishaji. Mabomba mawili lazima yatazame upande mmoja kabisa. Yakipishana kidogo, misuli ya macho huyavuta pamoja na wewe huoni kitu, ila unalipa baadaye. Niliwahi kuwinda msimu mzima na darubini ambayo kila alasiri iliniachia maumivu nyuma ya jicho la kushoto. Nililaumu jua, nikalaumu usingizi. Siku moja mwenzangu aliiweka machoni, akaitoa hapohapo, akaniambia, "Ndugu yangu, hii inaona vitu viwili." Ilikuwa imeanguka mwanzoni mwa msimu na mimi nikaifuta vumbi nikaendelea. Viwanda vya daraja la juu hukagua ulinganifu huu kwa ukali zaidi na kuufunga imara zaidi. Za bei ya kati nyingi hutoka zikiwa sawa, ila uwezekano wa kuangukiwa na isiyo sawa ni mkubwa zaidi, kwa hiyo ikague hiyohiyo utakayokwenda nayo nyumbani, si ile ya maonyesho.

Hatua ya 4: Irekebishe, kisha ijaribu

Watu wengi huikataa darubini nzuri kwa sababu hawakuirekebisha. Vuta vikombe vya macho ikiwa huvai miwani, vishushe ikiwa unavaa. Kunja bawaba ya katikati mpaka viduara viwili viwe kimoja. Ziba lenzi ya mbele ya kulia kwa kiganja, tazama kitu chenye kingo kali kwa jicho la kushoto, uzungushe gurudumu la katikati mpaka kiwe wazi. Kisha ziba ya kushoto, tazama kitu kilekile kwa jicho la kulia, na safari hii gusa pete ya dayopta tu, ile inayorekebisha fokasi ya jicho moja peke yake. Baadhi ya darubini zina dayopta upande wa kushoto; hapo anza na jicho la kulia. Usiyakaze macho. Yaache yalegee.

Sasa linganisha, na ulinganishe za namba moja: 10x42 na 10x42. Ukiweka 10x42 ya daraja la juu kando ya 8x32 ya bei ya kati utakuwa unapima namba, na utatoka dukani umedanganyika. Beba na ile unayoitumia sasa.

Tafuta tawi kavu lililo mbele ya wingu jeupe, uliangalie likiwa katikati, kisha ulisogeze taratibu kuelekea pembeni. Uzi wa rangi unaanzia wapi? Ukali unapungua wapi? Likififia pembeni, zungusha fokasi. Likirudi kuwa wazi, ni mpindo wa picha tu, na kijana ambaye macho yake hujirekebisha upesi huenda asiusumbukie kamwe. Lisiporudi, hicho ndicho kiwango cha lenzi hizo.

Tazama mstari mlalo wa mbali, kama ukingo wa paa la nyumba. Ukiutazama, iondoe darubini machoni taratibu kwa sentimita 10 hivi. Mstari wa duara la kushoto na wa kulia lazima ubaki usawa mmoja. Ukipanda upande mmoja na kushuka mwingine, irudishe sandukuni.

Zungusha gurudumu mbele na nyuma. Likiwa na mlegeo, yaani kidole kinasogea na picha haisogei, litakuudhi miaka yote. Likiwa gumu dukani, penye baridi litakuwa gumu zaidi.

Kisha viduara vyeupe tulivyoviona mwanzo. Viwe mviringo kamili. Kingo za kijivu zilizokatika kama pembe za sanduku zinasema prizimu ni ya kioo hafifu au ni ndogo kuliko inavyotakiwa.

Jaribio la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote, na wauzaji hawalipendi kwa sababu linawachelewesha. Omba kutoka nje na darubini zote mbili jua linapokaribia kuzama. Simama mahali ambapo ukuta au mti umelificha jua lenyewe, utazame kivulini, jirani na upande linakotoka. Usilielekee jua hata kwa nusu sekunde. Darubini hukusanya mwanga wake na jicho linaweza kupofuka moja kwa moja. Chagua kitu cheusi ndani ya weusi: shina chini ya mti mnene, mlango wa banda lisilo na taa. Tazama kwa moja, kisha kwa nyingine, kila baada ya dakika mbili, mpaka mojawapo ishindwe. Hesabu dakika ambazo ile nyingine iliendelea. Hizo ndizo dakika unazouziwa. Mara nyingine ni nne, mara nyingine saba, na kuna watu ambao macho yao hayaoni tofauti yoyote. Ukiwa mmoja wao, umeshaokoa fedha nyingi, na usikubali mtu akushawishi kwamba unakosa kitu.

Hatua ya 5: Miwani, uso na mikono

Ukivaa miwani, tafuta darubini inayoruhusu jicho kukaa angalau milimita 16 kutoka lenzi ya nyuma, la sivyo utaona kama unachungulia tunduni. Wenye nyuso nyembamba wahakikishe mabomba yanakaribiana vya kutosha. Jaribu ukiwa na kofia na glavu unazowindia nazo. Darubini inayokukaa vizuri usoni, hata ikiwa ya bei ya kati, utaiinua mara nyingi zaidi.

Hatua ya 6: Kabla ya kupanda daraja, nunua tripodi

Jicho zima hutenganisha vitu vilivyoachana kwa dakika moja ya nyuzi, yaani sehemu moja ya sitini ya nyuzi moja ya pembe. Kwa umbali wa mita 500 hiyo ni kama sentimita 14 na nusu. Kwa darubini ya 10x, inashuka hadi sentimita moja na nusu, unene wa ncha ya pembe. Lenzi ya milimita 42, hata ya bei ya kati, ina uwezo wa kukuonyesha hayo na zaidi. Mkono wako ndio hauwezi. Mapigo ya moyo peke yake yanatosha kuifuta ncha hiyo.

Fanya jaribio hili na darubini uliyonayo. Bandika karatasi yenye maandishi madogo ukutani, urudi nyuma mpaka usiweze kuyasoma ukiwa umeishika. Kisha iegemeze juu ya mfuko wa mchanga, au uifunge kwenye tripodi, yaani stendi ya miguu mitatu, uyasome tena. Mistari iliyokuwa inacheza inasimama. Nilipofanya hivyo kwa mara ya kwanza nilikaa kimya, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kuweka akiba ya darubini mpya, kumbe niliyokuwa nayo sikuwahi kuiona inavyofanya kazi.

Bei ya kati juu ya tripodi imara itakuonyesha zaidi kuliko daraja la juu mikononi. Hili si la kubishania, lipime mwenyewe. Angalia kama darubini ina tundu la skrubu mbele ya bawaba kwa ajili ya kiungo cha tripodi. Nyingi zinalo chini ya kifuniko kidogo. Mwindaji wa kilimani anayewaza kupanda daraja na hana tripodi, aanze na tripodi, awinde msimu mmoja, ndipo afikirie tena.

Na mchana wa joto, hewa inapochemka juu ya ardhi na mazigazi yanacheza, hakuna kioo cha bei yoyote kitakachokusaidia. Pumzika.

Hatua ya 7: Maji, dhamana na zilizotumika

Madaraja yote mawili siku hizi hufungwa maji yasiingie na kujazwa naitrojeni au argoni ili lenzi zisishike ukungu kwa ndani. Usilipie zaidi kwa sababu hiyo.

Dhamana isome neno kwa neno: inadumu miaka mingapi, inamfuata mwenye mali au darubini, inahusu kuanguka au kasoro za kiwandani tu, na usafirishaji unalipwa na nani. Kampuni kadhaa za bei ya kati hutoa dhamana ya maisha yote, na hilo lina thamani kwa mtu anayeanguka na vifaa milimani. Za daraja la juu faida yake ni vipuri vinavyopatikana muda mrefu na thamani isiyoshuka haraka, kwa hiyo iliyotumika vizuri ni njia ya tatu ya kufikiria kwa makini. Ikague kwa majaribio yaleyale, na umulike tochi kupitia lenzi za mbele kutafuta kuvu, ambayo huonekana kama utandobui mdogo. Ikiwa na kuvu, iache.

Hatua ya 8: Rudi kwenye karatasi yako

Dakika zako nyuma ya lenzi zikiwa chini ya saa moja kwa siku, na maamuzi yako mengi yakifanywa kabla jua halijazama, nunua bei ya kati yenye dielektriki, kioo cha ED na dhamana nzuri. Kinachobaki kitumie kwa mkanda wa kifuani unaoipumzisha shingo, kwa tripodi, na kwa siku zaidi za kuwa nje.

Zikizidi saa tatu kwa siku, na siku zako za kuwinda ni nyingi kwa mwaka, na tripodi unayo, na kwenye jaribio la jioni uliona dakika zile kwa macho yako, panda daraja bila kujilaumu. Darubini ya namna hiyo hudumu miaka 20 na zaidi ikitunzwa.

Ukiwa katikati, tazama safu ya mwanga uliyoiandika. Kama mara nyingi ulishindwa kutambua dume na jike kwa sababu ya giza, kwanza jaribu lenzi kubwa zaidi ya bei ya kati. Likikushinda hilo kwa uzito, ndipo daraja la juu.

Jambo moja halina daraja. Mnyama na kilicho nyuma yake hutambuliwa kwa darubini ya mkononi, kamwe si kwa ile ya bunduki, maana kila unachokitazama kwa ile ya bunduki umeshakielekezea mtutu, na huenda kikawa mtu. Usiponunua chochote cha kukusaidia kuona baada ya jua kuzama, basi uwindaji wako uishe jua likizama.

Ukishanunua, usiisubirishe sandukuni. Itumie jioni mbili mfululizo ndani ya siku ambazo duka linakubali kuirudisha, kwa saa mbili kila mara, ukitazama polepole kama unavyotazama porini. Siku ya kwanza macho huchoka kwa ugeni. Siku ya pili ikiwa bado unapepesa, au unasikia mvuto nyuma ya jicho moja, rudia jaribio la mstari mlalo, kisha irudishe ukabadilishiwe nyingine ya aina ileile. Vumbi lipulize au lipanguse kwa brashi laini kabla kitambaa hakijagusa lenzi, kwa sababu chembe moja ya mchanga chini ya pindo la shati hukwaruza utando wa bei ya kati na wa daraja la juu sawasawa.